Lamu: Siku nzima ya masomo bila ubao

Kabla hujaendelea, mwite mwanao aliye katika shule ya msingi umwulize kibaba ni kitu gani. Methali yenyewe ataijua. Haba na haba hujaza kibaba. Ameiandika katika insha mara nyingi kuliko anavyokumbuka, na mwalimu akamsifu kwa kuipamba lugha. Lakini kibaba chenyewe kikoje? Hutiwa nini? Kina ukubwa gani? Baadhi watakuambia ni debe, wengine ati ni mkoba wa pesa. Mpwa wangu, mvulana wa Gredi ya 5 aishiye mtaani Umoja jijini Nairobi, alinijibu bila kusita kwamba kibaba ni baba mfupi.

Usimcheke sana. Kijana alitumia akili: amefundishwa kwamba ki- huonyesha udogo, na akaifuata kanuni hiyo hadi mwisho wake. Kilichonisumbua mimi ni kwamba alikuwa ameisoma methali ile kwa miaka mitano, kwa sauti nzuri na herufi safi, bila kuona chochote nyuma ya maneno. Na hayuko peke yake. Mpango wa Uwezo, ulioanza kazi yake humu nchini mwaka 2009, ulikuwa ukituma watu wa kujitolea wapime watoto majumbani mwao, wakiwapa kurasa chache za herufi, maneno, hadithi fupi na hesabu. Ripoti yake ya mwaka 2011 ilisema kwamba miongoni mwa watoto wa darasa la tatu, ni watatu tu kati ya kila kumi walioweza kazi ya darasa la pili. Hao ni watoto waliokuwa shuleni, wenye sare na madaftari.

Sisi wazazi na walezi wa mjini tunalijua hilo, na dawa yetu ni pesa. Hununua vitabu vya mazoezi, hukodi mwalimu wa jioni, na tangu mtaala mpya ulipoanza mwaka 2019, hukesha tukikata makatoni na kubandika picha ambazo mtoto atazipeleka shuleni kama kazi yake. Mtoto mwenyewe amelala zamani.

Likizo ya Agosti 2023 ilipofika, nilifunga safari na mpwa wangu hadi Lamu, katika nyumba ya watu ninaowafahamu kwa miaka mingi. Sikwenda kutazama pwani. Nilikwenda kwa sababu ya jambo lililotukia katika nyumba hiyo mwaka 2020, ambalo nitakueleza likifika zamu yake.

Ukiwa na haraka, kuna ndege ya kutua Manda. Sisi tulishika treni hadi Mombasa, mwendo wa kilomita zipatazo 470, kisha basi la asubuhi kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, mahali nchi kavu inapoishia. Uliza kwanza hali ya usalama njiani, na usafiri mchana. Mokowe unapanda boti, na baada ya muda mfupi mji unajitokeza mbele yako, nyumba zake nyeupe na za kijivu zikiwa zimesongamana ukingoni mwa maji. Shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, UNESCO, liliuweka mji huu katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001. Mpwa wangu alivutiwa zaidi na punda. Vichochoro ni vyembamba mno hata gari halipiti, na punda aliyebeba saruji hakupishi. Wewe ndiye unayejibandika ukutani.

Sasa ingia nyumbani nami, maana masomo huanza alfajiri.

Katika nyumba hiyo yumo bibi, binti yake, mume wa binti huyo, na watoto wawili: msichana wa Gredi ya 7 na mvulana wa Gredi ya 3. Tukiongezwa mimi na mpwa wangu tukawa saba. Watoto walitumwa mahamri wakiwa na noti ya shilingi 200, na hamri moja asubuhi hiyo ilikuwa shilingi 10. Walirudi na mahamri 20, yangali moto, na bibi akayafunika kwa kawa. Hakuna kula mpaka mtu aseme yatagawanywaje. Mdogo wa Gredi ya 3 akaanza kuhesabu kwa vidole. Kila mtu mawili ni 14, yanabaki sita, na watu ni saba. Kimya kikatanda. Shuleni angeandika "2 baki 6" na kufunga daftari. Hapa baki ile ilikuwa ikinukia iliki, na ilikuwa lazima mtu mmoja akose hamri la tatu. Nani? Mjadala ulikuwa mkali hadi bibi aliposema atakosa yeye, kwa kuwa meno yake hayahitaji la tatu.

Baadaye alimwita mpwa wangu: "Ndoo hapa, mjukuu wangu." Kijana akatoka mbio, akarudi na ndoo. Wenyeji walicheka mpaka chai ikapoa. Katika Kiamu, lugha ya mji huu, "ndoo" ni "njoo". Njia ni "ndia", njaa ni "ndaa". Macho ni "mato", na nchi ni "nti". Yule msichana wa Gredi ya 7 hakumpa mgeni jibu moja kwa moja. Alimwandikia maneno hayo kwa jozi kwenye karatasi na kumwambia atafute kanuni. Ilimchukua muda, lakini aliipata: penye "nj" wao husema "nd", na penye "ch" mara nyingi husema "t". Kuanzia hapo alikuwa akiyafungua maneno ya watu mwenyewe, kama mtu aliyepewa ufunguo.

Halafu likaja jambo ambalo sikulitarajia. Bibi alikuwa akihesabu vikombe: "...saba, nane, kenda, kumi." Mpwa wangu akaruka. Kenda! Nyanya yake mzaa baba, huko Machakos, ndivyo ahesabuvyo kwa Kikamba. Naam, sita, saba na tisa ziliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Kabla yake zilikuwako namba za Kibantu, na Waswahili wa zamani walisema tandatu badala ya sita, neno lililo ndugu wa "thanthatu" ya Wakamba. Kijana aliyekuja Lamu akijiona mgeni alishinda asubuhi nzima akiwahesabia watu vitu kwa lugha ya nyanya yake.

Kibaba nacho kilishushwa kutoka kwenye kidaka, yaani kile kijishubaka kilichochongwa ukutani. Ni kopo la mbao, jeusi kwa ukongwe, linalochukua nafaka ya zaidi kidogo ya nusu lita. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Madukani kilo imekwisha kushinda siku nyingi, lakini bibi angali anapimia mchele wa chungu kwa kibaba, na haukosei.

Hapa ndipo niliposema nitakueleza ya mwaka 2020.

Tarehe 15 Machi mwaka huo serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona. Masomo yakahamia redioni na kwenye runinga, na wazazi nchini kote wakajikuta walimu bila kuomba kazi. Msichana huyu alikuwa Gredi ya 4. Mama yake aliachia shule darasa la tano. Alitueleza mwenyewe, kwa kicheko, kwamba bintiye alipomwita amwelezee hesabu, yeye alikuwa akikimbilia jikoni na kusingizia mchuzi unaungua. Wakati ule hakikuwa kicheko. Aliona aibu mbele ya mtoto wake, na mtoto akaiona aibu hiyo. Hatimaye binti aliacha kuuliza. Akavificha vitabu chini ya godoro na kuanza kusema kwamba hata shule zikifunguliwa yeye harudi.

Siku moja bibi alikikuta kitabu akitandika kitanda. Bibi husoma Kiswahili vizuri sana, lakini kwa herufi za Kiarabu, alivyofunzwa chuoni utotoni. Hizi za shule hazijui. Akamwita mjukuu wake amsomee kilichomkimbiza. Ilikuwa hesabu ya akisami: robo tatu jumlisha nusu. Kitabuni palichorwa keki iliyokatwa vipande. Msichana alikuwa amejumlisha namba za juu pamoja, na za chini pamoja, akapata nne kwa sita, na hakujua kwa nini jibu si sahihi.

"Robo tatu ya nini?" bibi akauliza.

Msichana akasema kitabu hakisemi. Basi bibi akasema itakuwa ya pishi, kwani robo ya hewa haipikwi. Akauleta mchele. Robo tatu ya pishi ni vibaba vitatu. Akamimina sinia moja. Nusu ya pishi ni vibaba viwili. Akamimina sinia la pili. Akaviunganisha na kumtaka mjukuu apime upya. Vibaba vitano, yaani pishi moja na robo. "Na wewe umeandika ngapi?" Nne kwa sita haifiki hata pishi moja, ni chini ya zile robo tatu walizoanza nazo. "Utatiaje mchele juu ya mchele, nao upungue?"

Mama mtu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alisema mwili ulimsisimka, kwa sababu hesabu ile aliijua. Alikuwa ameifanya tangu akiwa mdogo kuliko bintiye, akitumwa dukani na kwa jirani, akikopa vibaba na kurudisha vibaba. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo ndiyo akisami. Siku ile alivuta mkeka akaketi, na tangu hapo akawa anaketi kila siku baada ya adhuhuri. Asichokijua alikuwa akisema wazi "hili sijui, nisomee tena", na kule kusomewa tena mara nyingi ndiko kulikomfungua mtoto. Gredi ya 4 waliitwa warudi shuleni tarehe 12 Oktoba 2020, na msichana alirudi. Nilipomkuta 2023 alikuwa katika kundi la kwanza kabisa la mtaala mpya kufika Gredi ya 7, na ndiye mwalimu wa kaka yake.

Tuendelee na siku yetu. Kazi ya saa nne asubuhi ilikuwa kupima nyumba. Ukiingia nyumba ya mawe ya Lamu utashangaa vyumba vilivyo virefu na vyembamba, kama ukumbi uliobanwa ubavuni. Watoto waliambiwa watafute sababu. Kwanza wakapima upana kwa shibiri, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Bibi alipata shibiri 14, msichana akapata 18, wakaanza kulaumiana. Futi kamba ya fundi ilipoletwa ikasema mita 2 na sentimita 70. Mpwa wangu ndiye aliyeamua kesi: hakuna aliyekosea, mikono ndiyo si sawa. Kisha akauliza mwenyewe, bila kusukumwa, watu wa zamani waliuzianaje nguo ikiwa kila mkono una urefu wake. Swali hilo ni bora kuliko kurasa kumi za kubadilisha sentimita kuwa mita.

Sababu ya wembamba walikuja kuiona walipolala chali. Dari hubebwa na boriti, miti ya mikoko, ambayo lazima ikalie kuta zote mbili. Boriti nzuri haina urefu mkubwa, kwa hivyo ni nadra chumba kuzidi mita 3. Msituni ndiko kulikopima nyumba. Walihesabu boriti 24 juu yao. Wauza miti wa Lamu huzihesabu kwa korja, na korja moja ni miti 20, basi chumba hicho kina korja moja na boriti nne. Na nyumba yenye vyumba sita vya namna hiyo? Boriti 144, korja saba na nne. Mdogo wa Gredi ya 3 alilipata jibu hilo kabla ya mgeni wa Nairobi, na hakuna aliyeachwa alisahau hadi jioni.

Matembezi ya mjini nitayapita haraka, kwa kuwa utayafanya mwenyewe. Njia kuu huitwa Usita wa Mui, na kazi ya watoto ilikuwa kusoma kila kibao na kila leso iliyoanikwa. Leso ni kitabu cha bure. Kila moja ina jina lake, na msomaji asiyejua kusoma katikati ya mistari hatajua anasemwa nani. Mbele ya ngome wakapewa tarehe: ilianza kujengwa 1813, ikamalizika 1821, na ilitumika kama gereza hadi 1984. Miaka mingapi ya ujenzi, na ina umri gani leo? Wakatoa majibu huku wakila viazi karai.

Adhuhuri tulirudi nyumbani, na hapo mpwa wangu akaiona saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye sita. Saa ya bibi hutegwa Kiswahili, ikasomwa kama inavyotamkwa, wakati yake ya mkononi ilisema 12. Tofauti ni saa sita daima, iwe mchana au usiku. Kwa mara ya kwanza alielewa kwamba si lugha mbili za saa. Ni mahali pawili pa kuanzia kuhesabu. Wengine huanzia usiku wa manane, sisi tunaanzia jua linapochomoza na linapotua.

Saa hizo zilikuwa na kazi ya dharura. Kesho yake au siku za karibu tulitaka kwenda Pate, na boti za huko hupitia Mkanda, mfereji unaopenya kati ya mikoko. Maji yakipwa haupitiki vyema. Utakwama na abiria wote mkisubiri bahari irudi. Tulishuka gatini. Siku hiyo maji yalijaa saa nane mchana, na nahodha mmoja aliwaambia watoto kwamba kila siku hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50. Akawaachia hesabu, akaendelea kuteka maji chomboni. Kesho: saa nane na dakika 50. Keshokutwa: saa tisa na dakika 40. Mtondo, yaani siku ya tatu, saa kumi na nusu. Mpwa wangu hakuwa amewahi kulisikia neno mtondo, wala mtondogoo ya siku ya nne. Siku ya mtondo mwezi ungeandama, na nahodha akasema hilo litaleta bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu, yanayojaa sana na kupwa sana. Kusi ilikuwa ikivuma, kwa hivyo tulitaka kufika kabla ya upepo wa alasiri kukaza. Walibishana, wakafuta, wakapiga tena. Mwishowe wakachagua kesho, na nahodha akakubali. Fikiria hilo: watu wazima walipanga safari yao kwa jibu la watoto, na watoto wakalijua hilo. Sijaona mtihani unaomfanya mtoto arudie kukagua kazi yake kwa makini namna ile.

Usiku ulikuwa wa giza, mwezi haujaandama, nasi tukaketi kiwandani, ua wa ndani ya nyumba. Bibi anaujua kwa moyo sehemu kubwa ya utendi ambao Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Mama huyo alikuwa mgonjwa, na alitaka bintiye abaki na mausia yake. Kwa maneno mengine, kazi hiyo mashuhuri ya pwani hii ni somo la nyumbani. Mausia kadhaa kuhusu mume na mke yalimfanya msichana wa Gredi ya 7 kuguna na kubisha, na bibi hakumkataza. Alimwambia tu asibishe kabla hajasikiliza hadi mwisho wa ubeti.

Kisha vidole vikaingia kazini. Kila mshororo una mizani nane, kila ubeti mishororo minne, basi ubeti mmoja ni mizani 32. Beti ni kama 100. "Bibi, una mizani 3,200 kichwani?" akauliza mpwa wangu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kuogopa.

Aliambiwa atunge wake. Sharti ni mizani nane, wala asiibe maneno ya mtu. Alifikiri kwa muda mrefu, midomo ikimcheza, vidole vikigonga goti. Siku hiyo punda wa jirani alikuwa ameing'ata leso iliyoanikwa barazani, na hapo ndipo alipoanzia: "Punda amekula leso." Wakahesabu. Nane kamili. Mdogo wa Gredi ya 3, aliyedhaniwa amelala, akajibu kutoka mkekani: "Bibi akakunja uso." Nane tena, na kina kimelingana!

Mshororo wa tatu nao lazima uishie na "so", wa nne ndio ulio huru kuwa na kina chake. Walijaribu hadi taa zikazimwa. Tuliondoka kwenda Pate siku ya pili, saa nane na dakika 50, na kwenye boti walikuwa wangali wanautafuta. Mwanao akiupata wa mizani nane, nitampelekea bibi.